Mkono wa kushoto uliolala

Saa kumi na nusu alfajiri Tabata, mtaa wangu hapa Dar es Salaam, hutulia. Baa ya mtaa wa pili imeshazima muziki, adhana bado, na bodaboda moja moja ndizo zinazopita kuelekea Barabara ya Mandela. Huo ndio muda wangu wa mazoezi, kwa sababu saa kumi na mbili na robo lazima niwe kituoni kugombea daladala ya Posta. Nakaa ghorofani, mama mwenye nyumba anakaa chini. Mara ya kwanza nilipopiga piano alfajiri kwa spika alinisubiri kwenye ngazi, akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, unapiga vizuri, lakini saa hizi watu tunalala." Nilimwomba radhi. Hiyo ilikuwa mwaka 2021, na tangu hapo karibu kila nota ninayojifunza hupita kwanza kwenye hedifoni.

Naandika haya kwa sababu wakati natafuta hedifoni, ushauri wote niliopewa ulikuwa wa watu wanaosikiliza bongofleva safarini: besi inapiga vipi, betri inakaa saa ngapi, zinakunjika au hazikunjiki. Kwao ni maswali ya maana. Mimi nilikuwa na swali jingine, na sikujua kuliuliza mpaka sauti ya nne ya kwaya, ile ya chini ya wanaume, ilipopotea kanisani Jumapili mbili mfululizo.

Piano yangu ni Yamaha P-125, mtumba, niliinunua kwa familia iliyokuwa inahama Mikocheni. Ina funguo 88 zenye uzito kama za piano ya nyuzi, na matundu mawili ya hedifoni. Hela yote ilikuwa imeishia kwenye piano, kwa hiyo za kuvaa nilizifuata Kariakoo nikiwa na shilingi 40,000 mkononi. Nikarudi na chenji ya 5,000 na boksi lenye jina la kampuni kubwa. Zilikuwa nzito, zinang'aa, na nilipogusa oktava ya chini kabisa kichwa kizima kilinguruma. Nilizipenda sana. Kwa mtu aliyezoea spika ndogo za piano ile, kusikia besi ya namna hiyo ilikuwa kama kuhamia nyumba yenye sebule kubwa.

Nilifanya nazo mazoezi miezi saba.

Kanisani kwetu kuna piano ya nyuzi, ya kusimama, imeshapigana na joto na chumvi ya pwani kwa miaka mingi lakini bado inaimba. Ndiyo ninayopiga kwaya ikiwa na wimbo usiotaka kinanda cha umeme. Jumapili ya kwanza kaka zetu wa sauti ya nne waliingia chini ya nota yao, wakatanga mpaka ubeti wa pili. Nikadhani hawakujifunza. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na baada ya ibada mwalimu wa kwaya alinivuta pembeni. "Dada, wale hawana kosa. Hawakusikii. Mkono wako wa kushoto umelala."

Maneno hayo niliondoka nayo mpaka nyumbani. Mkono wangu wa kushoto umelalaje, na mimi kila alfajiri nausikia unanguruma?

Kazi yangu ni ya hesabu, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na tabia ya kazi hunifuata nyumbani: kitu kikinisumbua, nakiandikia namba. P-125 inaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na kila funguo unayobonyeza inatumwa kwa lugha ya MIDI pamoja na namba ya nguvu uliyogongea, kuanzia 1 hadi 127. Namba hiyo haijali umevaa nini masikioni. Inaangalia kidole tu. Nikachukua Inventio ya kwanza ya mtunzi Bach, kipande kifupi cha sauti mbili, ile ya C meja, kwa sababu mle mikono miwili ni ndugu wawili walio sawa: anachosema wa kulia, wa kushoto anakijibu. Hakuna bwana na mtumishi. Nikaipiga mara tano kwa spika mchana, na mara tano kwa hedifoni za Kariakoo.

Kwa spika, wastani wa mkono wa kulia ulikuwa 65 na wa kushoto 60. Sawa tu, mimi natumia mkono wa kulia kwa kila kitu. Kwa hedifoni, kulia 67, kushoto 48.

Nilikaa nikiitazama ile 48 muda mrefu. Hedifoni zilikuwa zinaikuza besi kupita kiasi, sikio langu likawa linasema kila siku "kushoto kumezidi, punguza," na kidole kikatii. Miezi saba ya kutii. Nilipofika kwenye piano ya kweli, ambayo haimkuzii mtu chochote, ule mkono uliofundishwa kunong'ona ukaendelea kunong'ona, na sauti ya nne ikakosa pa kushika.

Hapo ndipo nilipolipata swali langu. Anayesikiliza tu, hedifoni zikiongeza besi anapata besi zaidi, basi, na pengine anafurahi. Anayepiga anapewa amri. Kila kasoro ya hedifoni inageuka kuwa tabia ya mkono, kwa kinyume chake: zikizidisha besi, mkono wa kushoto unalegea, zikiifinya, unapiga nyundo, zikiwa na makali juu, kidole kidogo cha kulia kinaanza kuogopa kuimba. Kwa hiyo kwa mazoezi natafuta hedifoni zinazosema kweli, hata kama kweli hiyo haisisimui dakika ya kwanza.

Zile za Kariakoo nilimpelekea fundi redio wa hapa Tabata azifungue. Ndani ya kila upande kulikuwa na spika ndogo ya kawaida na kipande cha chuma kilichogundishwa kwa gundi. Chuma hakiunganishwi na kitu chochote. Kimewekwa ili mkono wa mnunuzi uone uzito na uamini. Tangu siku hiyo sipimi tena hedifoni kwa kuzibeba kiganjani. Na maandishi ya boksini, "20 hadi 20,000 Hz," nimeacha kuyasoma. Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde: nota ya chini kabisa ya piano ni 27.5 Hz na ya juu kabisa ni 4,186 Hz, kilichobaki juu ya hapo ni vivuli vya nota vinavyoipa sauti rangi yake. Karibu kila boksi linadai kuyafika yote hayo. Halikuambii ni wapi sauti inavimba na wapi inazama, na hilo ndilo jambo lenyewe.

Nikaanza kuomba kuazima. Kijana mmoja anayerekodi muziki Sinza aliniazima kwa wiki mbili hedifoni zake za Beyerdynamic DT 770 Pro, zile za omu 80, kipimo nitakachokieleza mbele. Hizi zimefungwa, yaani mgongo wa kila kikombe umezibwa, sauti haitoki nje na kelele za nje hazipenyi kirahisi. Kwa mtu anayekaa mjini ni neema. Nilipiga saa mbili usiku baa ikiwa imewasha kila kitu, nikaisikia kama iko ng'ambo ya barabara. Mito yake ya masikio ni ya mahameli ya kijivu, inavuliwa na kufuliwa kwa mkono kwenye maji ya sabuni. Na usafi wa sauti! Nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba pedali yangu naiachia nikiwa nimechelewa, ukungu wa nota iliyopita unagusa inayofuata.

Lakini nilizipima kama nilivyopima zile. Kulia 62, kushoto 53. DT 770 nazo zina besi iliyoinuliwa kiasi, safi na yenye mpangilio, ila imeinuliwa, na huko juu zina ncha kali inayofanya nota za oktava ya sita kung'aa kuliko zilivyo. Mkono wangu uliliona kabla sikio halijaliona. Kijana wa Sinza anaamka nazo na kulala nazo na kazi yake ni nzuri, kwa sababu ameshazijua na anajua cha kupunguza kichwani mwake. Mimi nilikuwa natoka kwenye ugonjwa uleule, sikutaka kurudi.

Kisha kuna joto. Ushauri wa hedifoni wa nchi za baridi haulitaji hili kabisa. Mwezi wa Februari chumbani kwangu, umeme ukiwa umekatika na feni imesimama, hedifoni zilizofungwa ni kama kujifunga kanga mbili masikioni. Baada ya dakika ishirini jasho linashuka shingoni. Hizi za mahameli zinavumilika, lakini zenye ngozi ya bandia zinanata, na unyevu wa hapa unazimaliza: ngozi inaanza kubanduka kama rangi ya ukuta, vipande vyeusi vinabaki kwenye nywele na kwenye mashavu. Hayo yalizipata zile za kwanza kabla hazijatimiza mwaka. Siku hizi hedifoni zangu nazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, na naziweka kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Dawa ya joto ni hedifoni za wazi. Mgongo wa kikombe ni wavu, hewa inapita, sauti inapita. Shemeji yangu aliporudi kutoka Ujerumani alinibebea Sennheiser HD 599, nikamlipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Zina gramu 250, mito ya kitambaa laini, na waya wa mita 3 wenye pini nene ya milimita 6.3 inayoingia moja kwa moja kwenye P-125 bila adapta. Kuna na waya mfupi wa pini nyembamba kwa ajili ya simu. Waya unachomoka, jambo ninaloliona kubwa kuliko wengi wanavyoliona, maana hedifoni nyingi hazifi kwa spika, zinafia pale waya unapokunjikia. Ukikatika nabadilisha waya, sihitaji fundi wa kuchomea risasi.

Siku ya kwanza nilidhani nimesahau kuzima spika. Nilivua, nikasikiliza, kimya. Nikavaa tena. Sauti haikuwa katikati ya fuvu kama nilivyozoea, ilikuwa mbele kidogo na pembeni, nota za chini kushoto na za juu kulia, kama mtu aliyekaa mbele ya piano anavyosikia. Sehemu ya kazi hiyo inafanywa na piano yenyewe, P-125 ina mpango wa kuipanua sauti ya hedifoni ili ionekane inatoka kwenye chombo. Lakini mpango huohuo ulikuwapo nilipovaa zile nyingine na sikuuona kwa uwazi kiasi hiki. Besi yake haingurumi. Oktava ya mwisho kabisa chini ni nyembamba kuliko ya piano ya kanisani, nakubali, na anayependa mtikisiko hatazifurahia. Nikapima: kulia 64, kushoto 59. Namba karibu zilezile za spika.

Hizo namba ni za mikono yangu, na wimbo mmoja, na mtu mwingine atapata zake. Ninachopendekeza ni kipimo chenyewe. Hata bila kompyuta unaweza: piga skeli moja kwa mikono yote miwili, umefumba macho, kwanza kwa spika kisha kwa hedifoni, na umwombe mtu akae karibu azisikilize funguo zenyewe zinavyogonga. Funguo zina sauti yake, kop, kop. Mkono uliolala unatambulika kwa mlio huo.

Na hilo la kop kop lisikilize vizuri kama unakaa ghorofani. Hedifoni zinazuia muziki, hazizuii kugonga kwa funguo kuutikisa mguu wa stendi na mguu kuitikisa sakafu. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama natwanga kitu alfajiri. Nimeweka mkeka uliokunjwa mara nne na juu yake vipande vya mpira wa tairi chini ya kila mguu. Ameacha kuuliza.

Hedifoni za wazi zina gharama yake mjini. Feni ikiwa namba tatu unaisikia yote, na ukiongeza sauti kuishinda feni umeanza kuharibu masikio. Kwa hiyo alfajiri, kukiwa na kimya na ubaridi kidogo, natumia za wazi. Jioni wakati mtaa umeamka sipigi vitu vya kujenga mguso wa vidole, napiga vya kukariri, na kama ningekuwa na fedha ningenunua na zilizofungwa kwa ajili hiyo. Mwenye chumba kimoja na mtoto mchanga kitandani asinunue za wazi hata kidogo, mtoto atasikia kila kitu.

Kuhusu omu watu wananiuliza sana. Kwa kifupi: ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na omu nyingi zinataka msukumo mkubwa zaidi kufikia sauti ileile. Hedifoni za omu 250 au 300 ukizichomeka kwenye simu zinasikika kama mtu anayeongea na mkono mdomoni, na kwenye piano za kidijitali nyingine utajikuta umesukuma sauti mpaka mwisho. HD 599 ni omu 50, zile DT za Sinza omu 80, zote P-125 ilizibeba bila shida. Kama huna amplifaya ya hedifoni, kaa chini ya omu 100 uendelee na maisha.

Kiwango cha sauti ni jambo ninalolitilia mkazo kuliko aina ya hedifoni. Sauti ikiwa juu mno, kila mguso unalipuka, vidole vinaingiwa na woga na unajifunza kupapasa. Ikiwa chini mno, unapondaponda funguo kutafuta sauti, na ukifika kanisani unatisha watu. Nilifanya hivi: siku ya mazoezi ya kwaya nilipiga nota ya C ya kati kwenye piano ya nyuzi kwa nguvu ya kawaida, nikaisikiliza mara nyingi mpaka ikakaa kichwani. Nilipofika nyumbani nikaitafuta ileile kwenye hedifoni kwa kusogeza kitelezi cha sauti, na pale ilipokaa nikaweka doa la rangi ya kucha nyekundu. Kitelezi hakipandi juu ya lile doa.

Doa hilo linalinda na masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 nguvu ya sauti inakuwa maradufu, kwa hiyo muda salama unakatika nusu. Desibeli 83, saa 20. Desibeli 86, saa 10. Anayepiga saa moja na nusu kila siku kisha anasikiliza muziki safari nzima ya daladala anazifikia haraka sana. Masikio ndiyo chombo chenyewe, na hayana duka la vipuri.

Bluetooth kwa mazoezi, hapana. Piano yangu haina, lakini binti wa dada yangu, ambaye hujifunza nami siku za Jumamosi, alileta kifaa kidogo cha kurushia sauti tukakichomeka kwenye tundu la hedifoni. Ukibonyeza, sauti inakuja baadaye. Kwa kawaida ucheleweshaji wa Bluetooth ni kati ya milisekunde 100 na 200 na zaidi. Ukipiga kwa mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo inadumu milisekunde 125, maana yake unasikia nota uliyopiga wakati kidole kimeshafika kwenye inayofuata. Sauti hewani inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 200 ni sawa na piano kuwa mita 68 kutoka ulipo. Nilimweleza binti: fikiria vidole vyako viko golini na sauti inatoka ng'ambo ya mstari wa kati wa uwanja. Alipiga mistari miwili, akakichomoa mwenyewe. Kwa kusikiliza tu hakuna tatizo, kwani hakuna anayekusubiri.

Na kusikiliza ndiko nilikopata furaha ambayo sikuitegemea. Nilikuwa nadhani muziki wa kale wa Ulaya nausikiliza, kumbe nilikuwa nausikia kwa mbali. Nilipoweka tofauti za Goldberg za Bach (Goldberg Variations), mfululizo wa vipande vilivyojengwa juu ya msingi mmoja, zile mpiga piano Glenn Gould alizorekodi mwaka 1981, nikasikia mtu anaguna chini ya piano. Nilivua hedifoni nikaangalia mlangoni. Ni Gould mwenyewe, alikuwa na tabia ya kuimba kwa kunong'ona akiwa anapiga, na maikrofoni zilimnasa. Kwenye simu sikuwahi kumsikia. Sasa siwezi kuusikiliza wimbo ule bila kumtafuta, na nikimpata najisikia nimekaa naye chumba kimoja.

Orkesta ndiyo inayoonyesha zaidi kwa nini feni ni adui. Kwenye Simfonia ya Tano ya Beethoven, sehemu ya tatu inafifia mpaka unabaki mdundo wa timpani, ngoma kubwa za orkesta, chini kabisa, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa jirani usiku, halafu bila kusimama orkesta yote inapasuka kwa C meja, na tromboni, zile tarumbeta nzito za kuvuta, zinaingia hapo kwa mara ya kwanza katika kazi nzima. Anayesikiliza mwenye kelele karibu atapandisha sauti ili asikie timpani, na sekunde kadhaa baadaye tromboni zitampiga makofi. Muziki wa redio umeshabanwa, kimya chake na kelele yake viko karibu karibu. Huu haukubanwa. Unahitaji chumba kitulie, na ndiyo maana kwenye daladala siuweki kabisa; huko nasikiliza piano peke yake kwa sauti ya chini, au sisikilizi kitu. Jumapili jioni nazima feni, nafungua madirisha yote mawili, najimwagia maji, nakaa sakafuni kwenye saruji yenye ubaridi na HD 599, na nina kama dakika thelathini na tano kabla joto halijanishinda. Simfonia ile inatosha humo.

Jumapili ya tatu baada ya kubadilisha hedifoni tuliurudia wimbo uleule. Sikumwambia mwalimu wa kwaya chochote kuhusu namba zangu. Nilipofika mahali pa sauti ya nne niliupa mkono wa kushoto uzito wake, na nikawaona kaka zetu watatu wa mstari wa nyuma wameinua vichwa kwa pamoja. Waliingia juu ya nota.

Jumamosi iliyopita binti wa dada alikuja na hedifoni alizonunuliwa na baba yake, zilizofungwa, nyepesi, zinamkaa vizuri kichwani. Tulichomeka zote mbili, zangu tundu hili na zake tundu lile, nikamwambia apige skeli kutoka funguo ya kwanza kushoto. Akapiga, akasimama, akakunja uso.

"Mama mdogo, mbona nota za chini ziko huku kulia?"

Nikamwonyesha herufi ndogo za L na R ndani ya upinde. Alikuwa amezivaa kinyume. Akazigeuza, akaanza upya, na mimi nikaacha kusikiliza kilichokuwa masikioni mwangu nikawa nausikiliza mlio wa funguo zake, kushoto na kulia.